Barabara Zangu na Bahari Yake

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametangaza cheo kipya. Mkuu wa Ramani. Mwenye bahati atamtaja Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote. Atakayekipata atahamia meza ya dirishani, na jina lake litatangulia kila mchezo wetu unapofunguliwa, kwa herufi kubwa, kabla ya jina la mtu mwingine yeyote. Wote kumi na mmoja tuligeuka kuitazama ile meza. Wenzangu waliitazama kama meza. Mimi nilikuwa naangalia nitaweka wapi kikombe changu.

Maana kuna nani mwingine? Mchezo wetu wa kompyuta ni wa himaya za kale: unajenga miji, unakusanya jeshi, unavamia jirani. Nchi kavu yote ni kazi yangu. Miaka minne ya barabara. Matope yangu yanapunguza mwendo wa jeshi kwa theluthi moja wakati wa mvua. Punda wangu wanachoka. Hakuna aliyewahi kunipongeza kwa wale punda, lakini wanachoka vizuri sana.

Bahari ilikuwa haina mwenyewe. Merikebu ilikwenda kama gari: unabofya ng'ambo, inakata maji moja kwa moja, inafika. Ndipo miezi mitatu iliyopita akaajiriwa kijana mmoja mwembamba, akasema kwa upole kwamba baharini hakuendwi hivyo. Akaweka upepo. Sasa merikebu ikikutana na upepo wa mbele lazima iende upande upande. Leo Bosi amesema, watu wote wakisikia, kwamba ule upepo umempa raha. Raha! Matope yangu hayajawahi kumpa chochote.

Kijana huyo nilimbandika jina la Baharia, kwa kejeli, kwa sababu nilimwona akitapika kwenye lifti. Watu wamelipokea kama sifa. Hata mlinzi wa mlangoni anamwita Baharia kwa heshima, naye anaitika. Mimi mlinzi ananiita "wewe wa ghorofa ya tatu".

Nyumbani mke wangu aliniuliza kuna jipya gani. Nilikusudia kusema kuna cheo kinatafutiwa mtu. Kilichotoka mdomoni ni kwamba nimeshakipata, bado kutangazwa tu. Kabla sijavua viatu alikuwa ameshampigia simu baba yake.

Jumanne, 4 Machi

Kikao. Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu za vikao, kazi niliyoiomba mwenyewe ili maneno yangu yasipotee. Nilisema upepo wa Baharia utawalaza wachezaji. Mtu katoka kazini kachoka, anataka kuvamia kisiwa, halafu unamwambia asubiri upepo ugeuke? Nikaandika: Mjumbe wa Nchi Kavu alitoa hoja nzito.

Bosi akasema basi aulizwe Mjaribu. Mjaribu ni dada ambaye kazi yake ni kucheza mchezo kutwa nzima na kutuambia umeharibika wapi. Hacheki. Hasifu. Mwaka jana alizikagua barabara zangu wiki mbili nzima, na ripoti yake ilikuwa neno moja: Zinafika. Kwa hiyo nilikuwa na imani naye.

Alianza saa tatu. Saa saba chakula chake kilikuwa bado kwenye kikopo, hakijafunguliwa. Saa nane alimwita Baharia aje aone alivyoizungusha merikebu nyuma ya kisiwa mpaka ikaushika upepo. Alikuwa anatabasamu. Miaka minne nimefanya kazi naye na sikujua kama ana pengo.

Wivu ulinikaba mpaka nikaenda kusimama chooni bila haja yoyote.

Jumatano, 5 Machi

Baba mkwe amekuja kunipa hongera. Kavaa koti. Alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi, akasema siku zote alijua nitakuwa mtu, ingawa sikumbuki akilisema hilo hata mara moja. Akasema Ijumaa hiyo atakuja ofisini kushuhudia. Nikamwambia asijisumbue, baba. Akasema kwa mkwewe hakuna usumbufu.

Mzee huyu alikuwa mpishi wa melini kwa miaka thelathini na moja. Kila akila anakumbuka bahari, na anakula polepole. Kwa kawaida naitikia tu huku nawaza mambo yangu. Leo alikuwa anaeleza jinsi maji ya kunywa yanavyonuka yakikaa sana, na jinsi watu wazima wanavyoshikana mashati kwa sababu ya kikombe kimoja. Ndipo wazo likanijia, nikaacha kutafuna.

Baharia anataka bahari ya kweli? Apewe yote. Apewe kila kero ya baharini tangu merikebu ya kwanza, mpaka mchezaji ashindwe hata kutoka bandarini. Hapo watu wote watarudi kwenye barabara zangu wakiomba radhi.

Nikamuuliza: "Baba, baharini kitu gani kinakera kuliko vyote?" Mzee aliweka kijiko chini. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kumuuliza swali. Alifurahi mpaka nikaona haya kidogo, lakini haya ikapita.

Ofisini tuna sanduku la maoni, la bati, karibu na mlango. Tangu liwekwe limepokea karatasi moja, kuhusu komeo la choo. Sasa nina karatasi ya pili. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto ili hati isijulikane: Maji ya kunywa yaoze. Merikebu ikipita siku ishirini bila kugusa nchi kavu, watu waugue, wagombane, wafe. Wenu, Mpenda Bahari. Kesho nitawahi kabla ya wenzangu.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi amelifungua sanduku na kuisoma karatasi kikaoni. Ili nisishukiwe, niliipinga kwa nguvu zote. Nilisema aliyeandika upuuzi huu hajawahi kuona maji mengi kuliko ya beseni. Watu walicheka. Niliandika yote kwenye kumbukumbu, pamoja na kicheko.

Baharia peke yake hakucheka. Aliisoma mara mbili, akaomba abaki nayo. Kufika saa tisa, maji yalikuwa yanaoza katika himaya zote.

Nilikaa nikisubiri Mjaribu apige kelele. Aliwaua watu arubaini kwa kiu, tena pwani inaonekana pale mbele. Akaweka mkono kifuani. Akamwambia Bosi kwamba leo kwa mara ya kwanza katika maisha yake amehesabu mapipa kabla ya kuhesabu askari, na kwamba anaomba aanze upya. Bosi akamwita Baharia hazina ya ofisi. Mimi akaniomba nipunguze kiyoyozi.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukata tamaa. Dozi ilikuwa ndogo. Nimemfuata baba mkwe nyumbani kwake, na daftari mkononi. Mke wangu amefurahi sana, anasema cheo kimenibadilisha.

Mzee alinitolea kiti kizuri. Nikamwomba kero zaidi. Akanipa mwani unaoota chini ya meli mpaka inakuwa nzito kama imebeba mawe. Nikauliza, hakuna kinachokera kuliko hicho? Akanipa farasi: alisafiri nao mara moja, farasi hawezi kutapika, inabidi afungwe mkanda mpana tumboni na kuning'inizwa kwenye dari ili mawimbi yasimvunje miguu. Nikaandika haraka haraka. Nikauliza tena, na zaidi ya hicho?

Akasema kinachokera kuliko vyote ni kutokuwa na habari. Aliondoka nyumbani mkewe akiwa mjamzito. Barua zilikuwa zinamkosa, kila bandari anaambiwa zimekwisha kupelekwa bandari ya mbele. Alipopata habari kwamba ana binti, binti alikuwa na meno mawili. Siku hiyo alimenya vitunguu vya wafanyakazi wote wa meli peke yake, ili akilia asiulizwe.

Binti huyo ndiye mke wangu. Nikaandika: habari zichelewe.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Akasema nije tu, hata kama sina swali.

Jumatatu, 10 Machi

Karatasi tatu kwa mpigo. Mwani, farasi, habari. Hii ya tatu ndiyo sumu yenyewe: Merikebu ikishatoka bandarini, mchezaji asiione tena. Asijue imefika au imezama, imeshinda au imeshindwa, mpaka chombo kimoja kirudi na habari.

Nilipinga mwani. Nilipinga farasi. Ilipofika ya habari nilisimama kabisa. Nilisema huo si mchezo, huko ni kumfunga mtu kitambaa machoni, na kwamba Mpenda Bahari apelekwe hospitali. Nikakaa, nikaandika: Mjumbe alipinga. Alipinga tena. Alipinga akiwa amesimama.

Bosi alikuwa anagonga meza kwa kalamu. Nikajua imekwisha, Baharia anarudi alikotoka. Kisha Bosi akasema iwekwe.

Jumanne, 11 Machi

Imewekwa. Mjaribu ametuma jeshi lake lote kuvuka bahari, na tangu asubuhi anainuka, anakaa, anaikazia macho skrini yenye maji matupu. Mhasibu amekuja kusimama nyuma yake. Mlinzi naye kapanda juu. Chombo kimoja kilipotokea, tanga limechanika, chumba kizima kilipiga kelele, na mlinzi akamkumbatia Baharia.

Saa ya chakula, walipotoka, nilikaa kujaribu mwenyewe. Ni kazi tu, nilitaka kutafuta kasoro. Nilituma merikebu kumi na mbili. Nilipanga mapipa, nilikwangua mwani, niliwaning'iniza farasi. Kisha nikasubiri. Siku zinapita kwenye skrini, maji, maji. Nilijikuta nimeshika ukingo wa meza. Zikarudi tatu. Nilizihesabu mara mbili kama vile nyingine zimejificha. Kwa muda wa saa moja hivi nilikuwa na huzuni ya kweli na nilisahau kabisa kumchukia Baharia.

Alasiri nikakumbuka tena. Bosi ametukusanya akasema kile kipengele cha habari ndicho kitakachouza mchezo huu. Akasema Baharia kafanya kazi ya fundi, lakini akili ni ya Mpenda Bahari. Mtu huyo yumo humu ndani. Ajitokeze. Kwa maoni yake yeye, mtu huyo ndiye Mkuu wa Ramani.

Nilisikia damu inapanda mpaka masikioni. Ni mimi!

Jumatano, 12 Machi

Nimejitokeza. Nilivaa tai. Nilimwambia Bosi kwa unyenyekevu kwamba Mpenda Bahari anaongea naye sasa hivi.

Bosi alinitazama sana. Akanipa karatasi, akasema niandike mstari mmoja tu kama ule. Nikashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Nilichoandika hakikufanana na hati ya Mpenda Bahari, wala hati ya binadamu mwingine. Nikasema mkono umepata baridi.

Akafungua daftari la vikao. Hati yangu, safi, ya mkono wa kulia. Akasoma: Aliyeandika haya hajawahi kuona maji mengi kuliko ya beseni. Akafunua. Alipinga. Akafunua. Alipinga akiwa amesimama. Kisha akalifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Akasema anaelewa ninavyokitamani cheo, hata yeye aliwahi kutamani, lakini kumpora mwenzangu jasho lake si tabia niliyokuwa nayo. Akaniambia niende nikapumzike.

Mtu anaporwa jasho lake halafu anaambiwa yeye ndiye mporaji! Nimerudi nyumbani nimenuna. Mke wangu amedhani ni uchovu wa madaraka.

Alhamisi, 13 Machi

Nina shahidi. Sijui kwa nini sikulifikiria jambo hili mapema. Maneno yote yale nimeyatoa kwa baba mkwe, naye kesho anakuja mwenyewe.

Nilipita kwake jioni. Sikuona haja ya kumweleza yote. Nilimwambia kabla ya kutangazwa kuna utaratibu mdogo tu: Bosi atamuuliza nilivyokuwa naenda kwake na daftari, naye aseme kweli kama ilivyokuwa. Mzee akasema kusema kweli hakumsumbui. Tulifanya mazoezi mara tatu. Alikuwa ameshanyoa ndevu na kupiga pasi koti.

Ijumaa, 14 Machi

Ngoja niandike kwa mpangilio, maana kichwa changu hakiko sawa.

Saa nne kasoro mzee alifika. Mlinzi alimsaidia kupanda. Nikainua mkono, nikasema nina shahidi kuhusu Mpenda Bahari. Bosi akashangaa, akampa mzee kiti mbele.

Mzee alisema kweli kama ilivyokuwa. Kwamba mkwewe, baada ya miaka kumi na moja ya kimya, alimuuliza kitu gani baharini kinakera kuliko vyote. Kwamba Jumamosi alimfuata mpaka kwake. Kwamba kila akipewa kero anauliza kama hakuna kinachokera zaidi, na kila kero ikizidi, mkwewe anazidi kuchangamka. Alisema haya kwa fahari. Alipoonyeshwa karatasi zote nne aliyatambua maneno yake, mpaka na mkanda wa farasi.

Nikageuka kumtazama Bosi, nimeshusha mabega, tayari kupongezwa. Bosi alikuwa analifungua lile daftari.

Alisoma yote, kwa sauti, mbele ya wote kumi na mmoja na mgeni. Kwanza kero, halafu nilivyoipinga. Kero, nilivyoipinga. Kufika kwenye farasi kila mtu alikuwa ameshaelewa nilikuwa napika nini. Mjaribu alicheka, pengo nje. Sikujua tena pa kuweka mikono.

Mzee hakucheka. Aliuliza polepole kama ni kweli nilisema aliyeandika hayo hajawahi kuona maji mengi kuliko ya beseni. Nikasema ilikuwa mbinu tu, baba. Akasema: "Yale yalikuwa maneno yangu, mwanangu." Akatazama mikono yake.

Hapo ndipo Baharia, mnafiki yule, alipovuta kiti akakaa karibu yake, akamuuliza bahari ikichafuka jikoni walikuwa wanashikaje masufuria. Mzee akainua uso. Wakaanza. Walizungumza saa mbili. Mzee alimshika bega, alimwita mwanangu kama alivyoniita mimi, tena mara nyingi zaidi, nilihesabu. Baharia akaomba ruhusa: ile merikebu ya kwanza inayorudi na habari ipewe jina la binti aliyezaliwa baba yake akiwa baharini. Mzee akatoa leso.

Kwa hiyo merikebu ya Baharia ina jina la mke wangu.

Cheo: Baharia. Baba mkwe ameajiriwa kuwa mshauri, siku tatu kwa wiki. Mimi naendelea na nchi kavu na kumbukumbu za vikao.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameshaambiwa kila kitu kwa simu. Nilisubiri anigombeze kuhusu cheo cha uongo. Aliniuliza jambo moja tu: kama ni kweli vile vitunguu. Baba yake hakuwahi kumwambia. Nilisema ni kweli. Alilia, akacheka, akaniandalia chakula. Angalau angelia hata kidogo kwa ajili yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza ya mshauri. Baharia amempa mzee meza ya dirishani, ati macho yake yanataka mwanga, na yeye mwenyewe kabaki kwenye kona yake karibu na mashine ya kuchapia. Wote wamesema ana moyo mkubwa. Mlinzi anamwita mzee Kapteni. Kapteni! Alikuwa mpishi. Nimepanda naye lifti asubuhi, akanisalimu vizuri, akaniuliza kama nimekula. Kinyongo hana, na hilo nalo linanikera.

Kikaoni Baharia kapendekeza kwamba kuchelewa kwa habari kuwekwe nchi kavu pia, kwenye barabara zangu, na kwamba jina langu litajwe kwa kipengele hicho. Nikanusa mtego. Nimekipinga, na nimeandika kwamba nimekipinga.

Jioni nimekaa peke yangu nikajichunguza kwa uaminifu kabisa, kama dakika kumi, nijue nilikosea wapi. Nimepajua. Ni ule mkono wa kushoto. Ningeandika kwa wa kulia, Bosi angeitambua hati yangu na leo mimi ndiye ningekuwa dirishani.

Basi nimeandika karatasi mpya, kwa mkono wa kulia, hati yangu nzuri kuliko zote: Mbunifu wa barabara na punda ni mtu wa thamani anayeonewa. Apewe ile meza. Wenu, Mpenda Nchi Kavu. Nimeitumbukiza kwenye sanduku kabla ya kutoka. Itasomwa kesho kikaoni.

Ili nisishukiwe, nitaipinga kwa nguvu zangu zote. Hoja nimeshaziandaa, na ni hoja nzito kweli, sioni mtu wa kuzijibu. Nimeshaziandika kwenye kumbukumbu kabisa.